Vidonge vya Kijani na Njano, Barabara ya Magu

Kiangazi cha 2016, mbio za baiskeli za kutoka Mwanza hadi Magu na kurudi zilizua ugomvi hata kabla ya filimbi. Ugomvi ulikuwa wa gia. Sisi wa baiskeli za kawaida tulikuwa na kundi letu: zile baiskeli nzito za kubebea magunia na madumu, tulizozivua madigadi, keria na stendi. Kijana mmoja akaja na baiskeli iliyofanana na zetu, kumbe gia ameificha ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Mzee aliyekuwa mwamuzi aliipindua, akazungusha pedeli kwa mkono, akainamisha sikio. “Hii inasema lugha mbili,” akamwambia. “Kawashindane na wenzako wa gia.”

Tulimpigia mzee makofi. Januari ya mwaka huohuo, kule Zolder, Ubelgiji, baiskeli ya Femke Van den Driessche ilikutwa na mota ndani ya fremu kwenye mashindano ya dunia, naye baadaye akafungiwa miaka 6. Kwa fundi wetu pale Igoma habari hiyo ilijadiliwa wiki nzima, watu wakibishana betri ilikaa wapi. Kwa hiyo asubuhi ile kila mtu alikuwa anakagua vyuma vya mwenzake. Mifuko haikukaguliwa na mtu.

Mimi nilijua kilichokuwa kwenye mfuko mmoja. Usiku wa kuamkia mbio tulilala kwa shangazi, mimi na kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ndiye aliyenifundisha kupanda baiskeli. Tulikuwa tumekula michembe na karanga, chakula ambacho hakijawahi kuniangusha barabarani. Akatoa kikaratasi, ndani mna vidonge vya kijani na njano.

“Mdogo wangu, ukimeza hivi husikii miguu.”

Ilikuwa tramado, dawa ya maumivu makali, ambayo daktari huweza kumwandikia mtu aliyetoka kupasuliwa. Alizipata kwa mtu mmoja stendi, na huko wabeba mizigo walikuwa wakizimeza ili kutwa iishe. Mama yangu ni muuguzi. Aliwahi kupokea kijana aliyeanguka degedege kwa dawa hiyohiyo, na alitusimulia sote, kaka akiwepo. Nikamkumbusha.

“Haimo kwenye orodha ya marufuku,” akanijibu. Alikuwa amesoma kwenye simu, na alisema kweli: wakati ule shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, WADA, lilikuwa likiifuatilia tu, halijaikataza.

“Lance Armstrong, yule Mmarekani, naye alisema hajakutwa na kitu,” nikamwambia. “Mataji yake 7 ya Tour de France, zile mbio kubwa za Ufaransa, yote yamefutwa kwa sababu ya dawa.”

“Lakini alipanda, mdogo wangu. Milima ile aliipanda.”

Nikamwambia mimi simezi. Akanitakia usiku mwema bila kinyongo, akazima taa.

Kwenda Magu sina mengi ya kusimulia. Nyuma kulikuwa na waliodandia malori, kama kawaida, na pale kwenye kugeuza tulichorwa alama mkononi kwa kalamu ya wino mzito ili asiwepo wa kukata njia. Tulipotoka Nyanguge kurudi tulikuwa kikundi kidogo mbele, upepo unatupiga usoni, tunapokezana kuukinga. Kaka alikaa mbele kuliko zamu yake. Nilipompita kubadilishana naye alikuwa anatabasamu, na sijawahi kuona mtu akitabasamu pale.

Asiyewahi kukimbia mbio hizi pengine hajui maana ya kukaa kwenye gurudumu la mtu. Tairi lako la mbele liko kiganja kimoja tu kutoka tairi lake la nyuma. Barabara huioni, unaona mgongo wake. Shimo analiona yeye na kukuonyesha kwa mkono. Umempa meno yako, magoti yako na watoto wako akutunzie mpaka zamu yako ifike.

Kwenye mteremko mmoja kabla ya Kisesa nikaona mgongo ule unayumba. Nikaita, “Kaka!” Hakuitika. Kichwa kikashuka, kikainuka, kikashuka tena. Nilivuta breki nikatoka pembeni, nikaburuzwa kwenye changarawe. Kijana wa Misungwi aliyekuwa nyuma yangu hakupata nafasi. Alimgonga kaka, akapaa, akatua uso kwenye mawe ya kando ya barabara.

Kaka alisimama kwanza. Mtulinga ulikuwa umevunjika, ncha ya mfupa imeinua ngozi chini ya jezi, naye anainua baiskeli kwa mkono huohuo. “Twende, mdogo wangu, twende, watatuacha.” Nilimwambia atazame bega lake. Akalitazama, akanitazama, akarudia, “Twende.” Nililazimika kumkalia. Yule kijana alikuwa anatema damu na vipande vya meno, na maumivu yake yeye aliyasikia yote.

Watu wakizungumzia dawa michezoni husema medali imeibwa. Ni kweli, na walioibiwa nawalilia. Dawa iitwayo EPO huongeza chembe nyekundu za damu, na tangu 2008 waendesha baiskeli wakubwa wana kumbukumbu ya damu yao, vipimo vikilinganishwa muda hadi muda ili wanaoichezea wabainike. Vifaa navyo vinapimika: viatu vya kukimbilia vilipozua kelele, mwaka 2020 riadha ya dunia iliweka kikomo cha soli, milimita 40 kwa mbio za barabarani. Mzee wetu angeweza kuupima unene huo kwa rula. Lakini mtu ambaye mwili wake umenyimwa sauti, na nyuma yake kuna wenzake wanaomwamini, nani wa kumpima alfajiri pale Furahisha, mbio zinapoanzia?

Chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kiliikataza tramado kuanzia Machi 2019, na hatari ya kuanguka ilikuwa miongoni mwa sababu. Mkolombia Nairo Quintana alifutiwa nafasi ya 6 ya Tour de France ya 2022 kwa ajili ya dawa hiyo. WADA wenyewe waliikataza mashindanoni kuanzia Januari 2024. Kila habari ilipotoka nilimpelekea kaka. Ile ya Quintana aliisoma akaniuliza, “Kuna aliyeumia?”

Mkono ukiwa bado kwenye tanji, alinitaka nimsindikize Misungwi. Alipiga magoti kwa baba wa kijana, akaeleza yote, vidonge na mahali alipovinunua. Baba yule alisikiliza mpaka mwisho. “Ungetuambia asubuhi,” akasema, “mwanangu angekaa nyuma ya mtu mwingine.” Gharama za meno kaka alizilipa kidogo kidogo, akauza na baiskeli. Mwaka uliofuata kijana alijiandikisha tena. Alipanda peke yake kutoka Mwanza hadi Magu na kurudi, akila upepo wote, kila tulipomkaribia akihamia upande wa pili wa barabara.