Mfalme Aliyepiga Mara Tatu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeshindwa kutoka kwenye 2 Wafalme sura ya 13. Habari yenyewe mnaijua. Elisha yuko kitandani kwa ugonjwa uliomuua, na Yoashi mfalme wa Israeli ameshuka kwake akilia. Nabii anamwambia atwae uta na mishale, afungue dirisha la mashariki, apige. Anapiga, na anaambiwa huo ni mshale wa ushindi juu ya Shamu. Mpaka hapo mambo ni mazuri. Kisha anaambiwa aishike mishale apige chini. Anapiga mara tatu, anaacha. Na mtu wa Mungu, mgonjwa wa kufa, anapata nguvu za kukasirika: ilimpasa kupiga mara tano au sita, sasa atawashinda Washami mara tatu tu. Ukisoma hadi mwisho wa sura utaona ikawa hivyo hivyo, mara tatu.

Mimi siku zote nimemwonea huruma Yoashi. Hakuambiwa idadi! Lakini wiki hii nimeanza kuielewa hasira ya Elisha, na aliyenifafanulia hata hakuwa akihubiri. Ni mzee mmoja wa Kimarekani, jirani yetu wa ibada, mwenye upinde wake, kwenye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa huku kusini mwa jimbo la Iowa, Marekani.

Kwa ndugu mnaosoma mkiwa Kigoma na Bujumbura nieleze kidogo. Huku kuna kulungu wa mkia mweupe. Akishtuka huinua mkia, upande wa chini ukaonekana mweupe pee. Dume huota pembe zenye matawi kila mwaka, hudondoka majira ya baridi, kisha huota nyingine. Na dume aliyekomaa, wa miaka mitano na kuendelea, si wa kuchezea. Hutembea zaidi usiku, na hunusa upepo kabla ya kutoka kichakani. Ni kwa wiki chache tu za Novemba, majira ya kupandana, ndipo majike humsahaulisha hadhari akapita mchana.

Mwenye bunduki anaweza kumpiga akiwa mbali. Mwenye upinde lazima angoje mnyama afike hatua ishirini, thelathini, bila kumsikia, kumwona wala kumnusa. Kwa hiyo hupanda dungu juu ya mti, mita 5 hivi kutoka chini, akajifunga mkanda wa usalama, na kuhakikisha upepo unatoka kwa mnyama kuja kwake. Msimu hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, na kuna watu hukaa juu huko alfajiri baada ya alfajiri, vidole vimekufa ganzi, wasimwone yule wanayemtaka. Mimi siwindi, sina leseni, kazi yangu ni kushika tochi.

Wawindaji wakisimulia uvumilivu wao, husimulia huu wa dunguni. Siudharau. Lakini nawaambieni ni uvumilivu mtamu. Mtu bado anatumaini, mikono yake ni safi, na akichoka anashuka kwenda zake bila deni kwa mtu. Uvumilivu mchungu huanza mshale ukishatoka.

Mzee alimpiga dume lake jioni, mwanga ukiwa karibu kwisha. Aliponipigia simu nilijua tunakwenda kubeba nyama. Nikamkuta ameketi chini ya mti, anauchunguza mshale uliopita mwilini mwa mnyama. Akanionyesha. Damu yenye rangi ya waridi na povu ni ya mapafu. Huyo hafiki mbali, unangoja nusu saa unamfuata. Ukikuta uchafu wa kijani wenye harufu, umempiga tumbo, na hapo utangoja saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Damu iliyokolea, nyekundu ya kuelekea weusi, ni ya ini: unangoja muda wa saa nne hadi sita. Ya kwetu ilikuwa ya ini. Dume alisogea kidogo wakati mshale unatoka.

Nikauliza kwa nini tusimfuate sasa hivi, anaumwa. Akasema kulungu aliyejeruhiwa hivyo hutafuta pa kulala karibu, na asiposumbuliwa atafia pale alipolala. Ukimkimbilia unamwamsha, na akiamka na woga hufika mbali, damu ikakatika, usimwone tena. Basi tukangoja ndani ya gari lake. Baridi ilikuwa kali, nyama isingeharibika, lakini upande wa kijito koyoti, mbwa mwitu wa huku, walikuwa wanalia, nao wana pua nzuri kuliko tochi yangu. Nilikuwa nimetoka zamu tangu asubuhi. Kulala nilikutaka kuliko nyama. Nikamwuliza kama si afadhali tuliache hilo, msimu bado upo, na lebo yake ya kufunga kwa mnyama haijatumika. Hakukasirika. Akasema, “Mshale nimeuachia mimi. Yule ni wangu, nimwone nisimwone.”

Tulianza kumfuata usiku wa manane. Tone kwenye jani la mwaloni. Hatua kumi hakuna kitu. Kisha alama kwenye nyasi, urefu wa goti. Kila penye damu mzee alining'iniza kipande cha karatasi ya chooni, ili tukigeuka nyuma tuone mstari wa safari ya mnyama na tukisie anakoelekea. Penye ukingo wa shamba damu ikakatika. Mimi nikaanza kukimbia huku na huku na tochi, na ndipo aliponishika bega: unakanyaga alama, rudi kwenye damu ya mwisho. (Wahubiri wenzangu, najua mnachotaka kufanya na maneno hayo. Subirini.)

Tulirudi pale kwenye karatasi ya mwisho mara nyingi usiku ule, kila safari tukitoka kwa upande mwingine. Hakuna kilichoonekana. Kulipokucha mzee akaenda kubisha hodi kwa jirani, kwa kuwa alama zilielekea kwake, na hata pale sheria inapokuachia kuvuka bila silaha, mtu mwenye adabu hubisha hodi. Jirani akavaa viatu vya mpira akaja naye. Tukapanga mstari, hatua chache kati yetu, tukapita kwenye nyasi ndefu kama wanaotafuta pete, tukageuka, tukarudi.

Alikuwa kando ya kijito. Aliyejeruhiwa vile mara nyingi huelekea majini. Tangu siku hiyo Zaburi ya 42 imenibadilikia. “Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji” (ayala ni jamaa ya kulungu), tumeiimba kwa sauti nyororo miaka yote, macho tumefumba. Kumbe mnyama anayetafuta maji namna ile anaweza kuwa na jeraha ubavuni. Wapo wanaoimba nasi zaburi hiyo kila Jumapili wakiwa katika hali hiyo hiyo.

Meno ya taya yalikuwa yamesagika, shingo imevimba ya Novemba. Mzee akakadiria miaka 6. Akafunga lebo kabla hatujamgusa kumsogeza, akashukuru Mungu kwa maneno machache, akatoa kisu. Wakati tunamkokota akanisimulia kuwa mwaka 1898 Iowa ilifunga kabisa uwindaji wa kulungu, maana walikuwa karibu kwisha, na haukufunguliwa tena mpaka 1953. Waliofunga wengi hawakuishi kuona ukifunguliwa. Nikakumbuka Waebrania 11, wale waliokufa katika imani wasijazipokea ahadi, wakaziona tokea mbali. Hilo tutalitafakari wiki nyingine.

Kuna mithali ya Sulemani, sura ya 12, kwamba mvivu hapiki mawindo yake. Angalieni: huyu mvivu aliwinda! Aliamka, alitembea, alipiga. Uvivu wake ulianzia pale watu wengine wanapodhani kazi imekwisha. Yoashi naye hakuwa mwoga, alipiga dirishani mbele ya nabii. Alichokosa ni moyo wa kuendelea baada ya ile sehemu inayopendeza.

Sasa niseme na sisi, na mniwie radhi, maana sitasema kwa upole.

Kanisa letu linapenda mishale. Kiangazi tulifanya mkutano wa injili, spika zilisikika mpaka barabara kuu, watu wakanyosha mikono, tukaandika majina kwenye kadi. Kadi ziko wapi? Nimeziulizia. Ziko kwenye boksi pamoja na nyaya za maikrofoni. Familia mpya zikifika uwanja wa ndege tunakwenda na vitenge na nyimbo, tunapiga picha. Inapofika Februari, hita imekufa, na mama ameshika barua ya shule asiyoweza kuisoma, katika wale waliopiga picha yuko nani? Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Sisi tunavua nguo, tunapiga picha, tunavaa.

Na hao ni tuliowapiga kwa wema. Wapo tuliowajeruhi kwa vinywa vyetu. Binti akipata mimba anasimamishwa mbele ya kusanyiko, anaambiwa maneno, anatokea mlango wa pembeni. Sisi tunakwenda kula. Baada ya miezi tunasema, “Yule alimwacha Bwana.” Ndugu zangu, alimwacha Bwana lini? Mshale ulitoka kwetu. Ni wetu, tumwone tusimwone. Na tusijifiche nyuma ya “tunamwombea.” Kuomba ni kazi, na Bwana alisema imetupasa kumwomba Mungu sikuzote wala tusikate tamaa. Lakini nyinyi na mimi tunajua lile “tunamwombea” la mtu aliyekwisha kupiga chini mara tatu na kuweka mishale podoni.

Sisemi mkamvamie leo. Wengine ukiwafuata na Biblia kidonda kikiwa kibichi unawaamsha walipolala, na watakimbilia mahali ambapo sauti yako haitawafikia tena. Ngojeni, ila ngojeni kama mzee alivyongoja garini, viatu vikiwa miguuni. Anayengoja unamjua kwa jambo moja: ukimwuliza damu ya mwisho iko wapi, anakuonyesha. Anajua mara ya mwisho waliongea lini, nini kilisemwa, mwenzake alinyamaza kwenye sentensi gani. Aliyeacha hajui. Anakwenda kuuliza kwa shangazi, kwa majirani, kwenye uvumi, anazunguka na tochi akikanyaga alama. Rudi kwenye mazungumzo yale ya mwisho. Anzia pale pale yalipokatika, hata kama yanakuaibisha. Nanyi wahubiri mliokuwa mkingoja kusema juu ya damu ya Msalaba, semeni sasa, maana hakuna pengine tunaporudi sisi sote.

Mimi nina mdogo wangu Mwanza. Hajakanyaga kanisani tangu tumzike mama, kwa ajili ya maneno aliyoambiwa makaburini na mtu mmoja mwenye cheo cha dini. Nimemwombea mpaka nikaona haya kumtaja tena kwenye maombi ya pamoja, mtu anachoka kuleta jina lile lile. Nikiongea naye huongea habari za mvua na ada za watoto. Wiki hii nilimpigia nikamwuliza kuhusu siku ile. Sikuuliza kanisa. Nilimwuliza alikuwa anataka kusema nini pale makaburini kabla hajakatizwa. Alinyamaza, kisha akaongea mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi, akaongea tena. Mambo mengine sikuyajua, na nilikuwepo siku ile, nimesimama hatua chache kutoka kwake.

Hakuokoka. Nawaambieni ili mtu asije Jumapili kunipongeza. Alisema nimpigie tena, basi.

Na wengine hatutawapata. Mzee aliniambia wazi kwamba miaka mingine ametafuta mpaka miguu ikagoma, na hata kwa mbwa wa kufungwa kamba ambao majimbo mengi huwaruhusu kunusa njia ya mnyama, kuna waliopotea moja kwa moja. Hakulisema kwa wepesi. Lakini Luka 15 haisemi mchungaji alimtafuta kondoo kwa muda unaofaa. Inasema “hata amwone.” Wale tisini na tisa nao walibaki nyikani wakimngoja, na sidhani walifurahi sana. Kanisa linalotafuta aliyepotea litachelewa kuanza ibada, litakosa watu kwenye kwaya, na wenye kupenda ratiba watanung'unika. Wanung'unike.

Nimezitoa kadi kwenye lile boksi. Jumapili hii baada ya ibada tutazigawana, kila mmoja majina yake, na wazee wa kanisa wataanza kuchukua, kwa kuwa wao ndio walioshika maikrofoni. Mama mmoja ameomba awe na mwenzake kwa yule binti, na nimemwambia ndiyo, ila waende mikono mitupu, bila ujumbe kutoka kwa mtu yeyote. Mzee ametupa paja zima la kulungu, nyama nyingine ameipeleka kwa wahitaji hapa jimboni. Nyama hii haina mafuta, kwa hiyo akina mama mtakaopika muichemshe taratibu na nyanya nyingi, msiikaushe kikaangoni. Tutakula kwanza, kisha tutoke. Mwenye gari aje nalo likiwa na mafuta ya kutosha, baadhi ya anwani ziko mbali.