Dolly Parton kwenye jamvi la karafuu

Muziki wa kantri, ule wa Wamarekani, mie nilikuwa siupendi hata kidogo. Nikisikia tu lile gitaa lao la kuvutavuta, nabadilisha. Nyumba yetu hapa Wete, Pemba, ni ya taarab tangu enzi za bibi.

Juzi usiku tulikuwa barazani na mama tunachambua karafuu, makonyo huku, karafuu huku. Simu ikajiendeleza yenyewe hadi “Jolene” wa Dolly Parton, wimbo wa mwaka 1973. Mikono imejaa, nikauacha.

Mama akauliza, “Mwanangu, analilia nini huyo?”

Nikamwambia anamwomba mwanamke mwenzake asimchukulie mume.

Mama akasita, kikonyo bado kidoleni. “Anamwomba? Hamtukani?”

Hamtukani wala hampigi kijembe. Anamsifu nywele, ngozi, macho yake ya kijani, kisha anamsihi. Jina analiita mara nne mfululizo, sauti ikipanda kama mtu anayebisha hodi na hafunguliwi. Kwenye rusha roho, ile taarab ya mipasho, mwanamke huyo angerushiwa maneno mpaka ahame mtaa! Huyu kakiri kazidiwa, na anaimba hivyo hivyo. Wallahi, nilisisimka mwili.

Tena nimesoma kwamba banjo, ala yao kubwa, asili yake ni kwa Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo. Miaka yote nikiuona muziki wa watu wa mbali.

Zile nyimbo za pikapu na bia bado sizitaki. Lakini jana, kabla hatujatandika jamvi, mama kaniambia, “Niwekee yule anayemlilia mwenzake.”