Baiskeli ya mlimani: mie naanza na breki

Mie mtoto wa Tanga. Kwetu mtu anajua baiskeli kabla hajajua kusoma saa, na mji wenyewe umelala chini kama mkeka. Sekondari yote niliimaliza juu ya Phoenix ya marehemu babu. Kwa hiyo nilipohamishiwa Lushoto, juu milimani Usambara, kufundisha, nikajiona mjuzi wa kutosha, nikaenda duka moja la mjini kununua baiskeli ya mlimani. Nikachagua kwa macho: rangi ya chungwa, gia 21, springi mbele na nyingine katikati, bado imevikwa nailoni. Laki tatu na ishirini.

Wiki ya pili nikaenda nayo Irente, kama kilomita tano hivi, pale wageni wanaposimama kuitazama Mazinde huko chini. Kupanda nilisukuma zaidi ya nusu ya njia, nikasema si neno, raha iko kwenye kurudi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na udongo mwekundu umekuwa sabuni. Kona ya kwanza nikabana breki, mipira ikalia. Kona ya pili nikabana mpaka mkono wa breki ukagusa usukani, na baiskeli ikaendelea na safari zake. Mbele inakuja bodaboda na viroba vya kabichi. Nikachagua shamba la mahindi.

Mama mwenye shamba alinipa pole kwanza, akaniokota, akanifuta tope. Kisha akahesabu mabua. Kumi na moja.

Nikaiburuta hadi kwa fundi, mzee mmoja mwenye banda lake karibu na soko.
“Shikamoo mzee.”
“Marahaba mwanangu. Nani kakupiga?”
Alipoinyanyua aliguna. Akaminya mkono wa breki, ukapinda wenyewe kama plastiki ya ndoo kabla waya haujavutika. Akakalia siti, akakanyaga pedeli: springi ya katikati ikazama, ikarudi, ikazama. “Mwalimu, kila ukikanyaga, nusu ya nguvu unailipa springi. Hapa umenunua picha.”

Maneno hayo niliyakasirikia siku mbili, siku ya tatu nikakubali.

Baadaye nikasoma kwamba mchezo wa baiskeli za mlimani umezaliwa kwenye shida hiyohiyo ya breki. Miaka ya 1970, Marin County kule California, vijana walikuwa wakichukua baiskeli nzito za zamani zenye tairi nene, wanazipandisha mlimani kwa gari, kisha wanashuka nazo. Breki ilikuwa moja tu, ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Kwenye mteremko mmoja habu ilikuwa ikichemka mpaka grisi inageuka moshi, na wakifika chini inabidi waifungue waipake grisi upya. Ndiyo maana mashindano yao yaliyoanza 1976 yakaitwa Repack, yaani kushindilia upya. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, akaunda fremu mpya mahususi kwa kazi hiyo. Kufika 1996 mchezo uko Olimpiki, Atlanta. Nami nikiwa kwenye mahindi sikujua kwamba nimo kwenye historia.

Sasa mwenzangu wa ofisini anataka kununua, kila siku ananiuliza gia ngapi. Gia mwachie Mungu! Minya breki kwanza. Za mpira zinazobana ringi si mbaya kama mikono yake ni ya chuma, lakini tope likishika ringi utajuta. Mie natumia za diski, zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu, na zangu zinavutwa kwa waya. Za mafuta zinashika vizuri zaidi, kidole kimoja tu kinatosha, ila zikiingia hewa huku, utamtafuta wa kuzitoa hiyo hewa mpaka uchoke. Waya fundi wangu anabadilisha huku anakunywa chai.

Halafu kimo. Mie mfupi, na ile ya chungwa ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Simama umeiweka katikati ya miguu, nyayo zote chini: kati yako na bomba la juu papite vidole vinne, hata zaidi. Ukilazimika kuruka ghafla utanielewa.

Springi ya mbele peke yake inatosha kwa anayeanza. Ya katikati nzuri ipo, ila bei yake si ya mshahara wangu, na ya bei rahisi ni ile aliyoikalia mzee.

Kwa hiyo nikanunua mtumba, fremu ya aluminiamu, tairi 26, kwa sababu tyubu za 26 zinapatikana hata kwenye mji mdogo wa Soni. Hapa watu wanababaika na namba. Ringi ya Phoenix, ile 28 ya babu, ina kipenyo cha milimita 635. Ringi ya 29 ya kisasa ni 622. Ndiyo, ishirini na tisa ndogo kuliko ishirini na nane! Usiamini namba kubwa iliyoandikwa tairini, tafuta ile ndogo ya milimita pembeni: 26 yangu imeandikwa 559.

Mtumba nao una hila zake. Nilikwenda na rula ya darasani. Cheni isiyochakaa, kutoka pini moja hesabu pini 24 mbele, unatua kwenye inchi 12 kamili. Ya kwangu ilizidi kidogo kufika moja ya nane ya inchi, nikapunguziwa elfu thelathini, maana cheni iliyovutika hivyo huwa imeshayala na meno ya gia. Na uangalie fremu pale inapokutana na shingo ya usukani. Rangi iliyopasuka kama uzi, rudisha, nenda zako.

Tanga tulijaza upepo mpaka tairi inalia kama jiwe. Huku nimeacha, nakaa kwenye psi 30, kipimo cha upepo kwenye pampu. Nikishusha zaidi, ringi inaibana tyubu kwenye mawe na kuacha matundu mawili pacha, kama meno ya nyoka. Kushuka nasimama juu ya pedeli zikiwa sawa, magoti yamelegea, makalio nyuma ya siti, macho mbali. Kupanda ni kukaa ncha ya siti kwa gia nyepesi bila haraka. Ukisimama, tairi la nyuma linasaga tope. Suruali navaa chini ya gauni, na waliokuwa wakisema wamechoka kusema.

Irente bado naenda Jumamosi. Yule mama akinisikia nakuja, anasimama kabisa jembe mkononi.
“Mwalimu, leo breki zipo?”
Pale kwenye kona safari hii kapanda maharage.