Kitabu kimefika, hakisomeki

Jana nilikuwa na binamu yangu, haoni tangu utotoni, anasoma chuo. Katumiwa kitabu cha kozi WhatsApp. Kaweka simu sikioni, ile sauti ya programu inayomsomea maandishi ya skrini ikawa inarudia neno moja: "Picha. Picha. Picha." Kurasa 212! Mtu kaskani tu, programu haioni hata herufi moja.

Kaomba faili lenye maandishi, kajibiwa "hakimiliki". Hakimiliki gani jamani? Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unazitaka nchi wanachama ziruhusu vitabu kugeuzwa nukta nundu au sauti kwa ajili ya wasioona, bila kumwomba mwenye haki. Tanzania tumo tangu 2020.

Basi nikamsomea mwenyewe. Saa saba usiku tuko ukurasa wa 31, koo limekauka, yeye anasema, "Dada, rudia ile aya."