Siku tuliyowinda jodari kwa kuangalia juu

Tuliondoka bado giza, kapteni, msaidizi wake na sisi abiria watatu, na jua linatoka tayari nchi kavu haionekani. Mi nilidhani kapteni ataganda kwenye skrini ya sonari maana pale mbele iko kubwa kweli, wapi, jamaa kashika darubini anaangalia angani tu. Hesabu yake rahisi: sonari inakuonyesha kilicho chini na karibu na boti, ndege unawaona toka maili kadhaa.

Kundi la kwanza tulilokutana nalo lilikuwa linaruka chini chini, mstari mmoja, halipindi. Nikapiga kelele ndege wale! Hata mwendo hakupunguza. Hao wako safarini, akasema, wametoka kisiwani walikolala wanaenda kutafuta kama sisi, we angalia tu wanaelekea upande gani. Tukaelekea huko huko.

Mbele tukakuta membe, wale weupe wadogo wenye kofia nyeusi, wametawanyika, kila mmoja kainamisha mdomo anachungulia maji, anashuka kidogo, anaghairi, anapanda tena. Hapo ndo moto ukapunguzwa. Ndege akiwa hivyo ameshaona kitu ila bado kiko chini hakifikiki, maana membe hazami sana, anadokoa vidagaa vilivyo juu kabisa, na vidagaa havipandi juu kwa kupenda, vinasukumwa na jodari walioko chini yao. Yaani miaka yote nilikuwa najua ndege wanawafuata samaki wadogo, kumbe wanamvizia yule mkubwa awaletee chakula mezani.

Ghafla wote wakajikusanya sehemu moja wakaanza kujitupa, kelele, maji yanachemka kabisa. Mimi nilitaka twende katikati palepale, kapteni akazunguka kwa mbali, akajiweka upande unakotoka upepo, akawa anavuta chambo zipite pembeni mwa kundi na boti yenyewe isiwaguse. Sasa kuna boti nyingine ikaja kwa fujo ikakatisha katikati, na hapohapo maji yakatulia, ndege wakasambaa. Wale wakaondoka zao na spidi ileile, sijui walikuwa wanatafuta nini.

Sisi tukabaki. Ndege wengi walikuwa wamekaa juu ya maji, na mtu asiyejua atasema hamna kitu hapa, wamelala hao. Lakini ndege aliyekaa bila kuondoka anajua samaki wameshuka tu, hawajaenda mbali. Tukazima injini tukasubiri, joto, mawimbi ya pembeni, tumbo langu likaanza maneno yake, af wakainuka wote kwa mpigo na fimbo mbili za kuvulia zikalia pamoja. Jodari wenye mapezi ya njano, na hao usiombe, anashuka wima kwenda chini mpaka mikono inatetemeka.

Ila ndege niliyempenda mimi ni frigeti. Mweusi, mabawa marefu ajabu, mkia uliogawanyika mara mbili, na yuko juu sana peke yake. Manyoya yake hayazuii maji vizuri kwa hiyo hakai baharini, anaelea tu na upepo akimfuata samaki mkubwa aliye chini, ili samaki wanaoruka wakikurupuka kukimbia yeye awadake hewani. Kapteni anamwamini huyo mmoja kuliko kundi zima la shakwe, maana shakwe hata takataka anazifuata. Tulimfuata anazunguka, kila mzunguko anashuka kidogo, chini yake tukakuta gogo linaelea na samaki aina ya faluusi wamejaa pembeni, kijani na njano inawaka. Tulipata wanne wakubwa kabla wengine hawajashtuka.

Jioni ndege wakaanza kurudi visiwani, safari hii kuna kundi likavunja mstari likaanza kupiga mbizi, ila linahama hama haraka, ukifika pale lishasogea. Kapteni akasema mwendo huo ni wa sehewa, wale jodari wa aina ndogo, jodari wakubwa mara nyingi hawahami ovyo hivyo. Akaangalia geji ya mafuta, akaangalia ndege, akaangalia geji tena. Tukaenda. Walikuwa sehewa kweli, vidogo vyote, tukavirudisha majini tukageuza.