Korongo la Antelope: ziara yangu ya siku moja

Korongo la Antelope liko nje kidogo ya mji wa Page, Arizona, kwenye ardhi ya Wanavajo, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, na hakuna mgeni anayeingia bila kiongozi aliyeidhinishwa nao. Nilipolijua hilo niliachana na habari ya kukodi gari, nikalipia ziara ya basi dogo kutoka Las Vegas, jimbo la Nevada, usafiri na tiketi humohumo. Ubaya wake ni safari: saa nne na ushee kwenda, na kurudi vilevile. Asiyependa kukaa garini heri alale Page.

Kuna korongo la juu na la chini. La juu ni pana chini na jembamba juu, ndani halina ngazi ingawa njia ya kurudi inazo, na kati ya mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba miale ya jua hushuka hadi kwenye mchanga karibu na adhuhuri. Tiketi za muda huo ni ghali na huwahi kuisha. Mimi nilichagua la chini, ambalo limefunguka juu, kwa hiyo sikulazimika kuvizia jua la adhuhuri. Ila unashuka kwa ngazi za chuma zenye mwinamo mkali, na kuna mahali miguu miwili haikai sambamba. Mwenye magoti mabovu aende la juu.

Kilichotuvuruga njiani ni saa. Wakati wa kiangazi Nevada na Arizona huenda sawa, lakini barabara yetu ilikatiza Utah, iliyo mbele kwa saa moja, na Wanavajo nao husogeza saa zao mbele wakati wa kiangazi ingawa Arizona kwa jumla haisogezi. Simu yangu ikawa inaruka mbele na kurudi nyuma. Ziara hufuata saa ya Page, basi nikategemea saa ya mkononi.

Mabegi na vijiti vya kupigia picha haviruhusiwi. Niliingia na simu na chupa ya maji. Kiongozi wetu, binti wa Kinavajo, alizichukua simu zetu mojamoja akazirekebisha rangi, na kuta zikatoka za machungwa na zambarau. Wengine walimwona mpiga picha tu. Mimi nilimtaka kwa maswali. Nilimuuliza nani aliyechonga mikunjo ile, akanionyesha gogo lililokwama kati ya kuta, juu kabisa ya vichwa vyetu: maji ya mafuriko ndiyo yaliyolifikisha pale, na ndiyo yanayoukwangua mwamba mpaka leo. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa humo humo kwa mvua iliyonyesha mbali, wao wakiwa hawaoni dalili ya hatari. Siku hizi viongozi hufuatilia redio ya hali ya hewa, na wakisema tokeni, mnatoka. Baada ya kusikia hayo sikunung'unika tena tulipohimizwa kutembea.

Jioni tulipitia Horseshoe Bend, mto Colorado unapojipinda chini ya jabali la kama mita 300. Pale hakuna kiongozi, ni kutembea tu juani kama kilomita moja na ushee. Uzio upo sehemu moja ya ukingo. Wenye moyo mgumu walikwenda kukaa kwenye miamba iliyo wazi. Mimi picha zangu zote nilizipiga nimeshikilia chuma.