Jinsi nilivyolimaliza banda la trekta za mzee

Rafiki yangu hapa Indiana, mzee wa miaka 78, alihamia kwa binti yake akaniachia banda lenye trekta ndogo za bustani 23: Cub Cadet, John Deere 110, na Wheel Horse tele, maana hizo zilikuwa zikitengenezwa papa hapa South Bend. Kwanza niliharibu. Nilizitangaza zote kwa mpigo, wakaja wadokoaji: huyu anataka kabureta, yule taa, na trekta inabaki gofu lisilouzika.

Nikafunga mlango, nikaanza upya. Kila moja nilitoa plagi, nikazungusha flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa mkono. Ikizunguka, chaki nyeupe kwenye boneti; ikigoma, nyekundu. Zilizogoma nilizimiminia mafuta ya gia kidogo kwenye tundu la plagi, nikaziacha siku kumi. Nne ziliachia. Moja, chini ya kava la feni, ilikuwa na kiota cha panya kilichojaa maganda ya jozi.

Kazi hasa ilikuwa vifaa vya kufungia: deki za kukatia nyasi, vyuma vya kusukumia theluji, plau. Deki ya trekta hii haikai kwenye ile, na mzee alikuwa amevirundika pamoja. Nikampigia simu ya video, akaniambia: "Hiyo yenye mkono uliopinda ni ya 110, kijana." Trekta yenye vifaa vyake ilipata mnunuzi upesi. Sita zilienda chuma chakavu, baada ya kumwaga petroli iliyochacha.

Moja mzee alikataa isiuzwe. Ipo kwangu, chini ya turubai.